Barabara inayoishia mtoni: namna ya kuisoma ramani ya zamani ya topografia

Swali: "Nimepata nakala iliyoskaniwa ya ramani ya topografia ya miongo mingi iliyopita, skeli 1:50,000, ya eneo la mashambani ambalo ninaandika historia yake. Inaonyesha barabara inayoteremka hadi mtoni na kuishia hapo, vijumba vinane juu ya mwinuko ambao leo ni kichaka kitupu, na jina la mahali ambalo hakuna mwenyeji anayelitambua. Nilisoma majiranukta (namba zinazoonyesha mahali), nikayaingiza kwenye simu, nikaenda. Sikuona chochote. Je, ramani imekosea? Nianzie wapi?"

Jibu: Usiitilie shaka ramani mapema hivyo. Inaelekea ulisimama mahali pengine kabisa. Majiranukta yanayosomwa kwenye karatasi yanategemea datamu, yaani umbo la dunia na sehemu ya kuanzia hesabu ambavyo wapima ardhi wa wakati huo walivichagua. Simu yako inatumia WGS 84, datamu ya kisasa ya setilaiti. Ramani ya zamani haitumii hiyo. Datamu ya Arc 1960, ambayo ndiyo msingi wa ramani nyingi za Afrika Mashariki, inatofautiana na WGS 84 kwa takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Ile ya NAD 27 ya Marekani, ukiisoma kwa gridi ya UTM (miraba ya mita inayotumika dunia nzima), huachana na ya kisasa kwa takriban mita 200. OSGB 36 ya Uingereza huachana kwa mita 100 hivi. Kichakani, mita 300 ni mteremko mwingine na kijito kingine. Mtu anaweza kutafuta kutwa nzima pasipo na kitu, kisha akarudi nyumbani akiandika kwamba kijiji hakikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mezani, na inaanzia pambizoni mwa ramani. Watu wengi hukata pambizo wanapoiskani, na hapo hupoteza nusu ya ushahidi. Kama nakala yako imekatwa, tafuta nyingine yenye pambizo kamili kabla ya kufanya lolote. Pambizoni utakuta jina la datamu au la duaradufu iliyotumika, yaani umbo la dunia lililobapika kidogo (Clarke 1880, Clarke 1866, Airy, Bessel), aina ya makadirio, yaani njia ya kulaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, kipimo cha mwinuko kama ni futi au mita, nafasi kati ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), mwelekeo wa kaskazini ya sumaku pamoja na mwaka uliopimwa, na namba ya karatasi. Juu ya yote, utakuta tarehe.

Tuseme wazi kuhusu tarehe, maana hapa ndipo wengi huharibu. Ramani moja inaweza kuwa na tarehe nne au tano: mwaka picha za anga zilipopigwa, mwaka wapima ardhi walipopita kuhakiki, mwaka wa masahihisho, mwaka wa toleo, na mwaka wa kuchapwa upya. Mwaka mkubwa uliochapwa chini kwa kawaida ndio wenye thamani ndogo kwa mwanahistoria. Kama picha za anga ni za 1948, uhakiki ni wa 1952 na uchapaji ni wa 1959, basi nyumba unazoziona ni za 1948, majina ni ya 1952, na kuhusu 1959 ramani haikuambii kitu. Kuna pia masahihisho ya nusunusu. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, liliposahihisha ramani zake kwa kutumia picha za anga peke yake, liliyachapa mabadiliko kwa rangi ya zambarau ili msomaji ajue hayakuhakikiwa ardhini. Wachapaji wengine hawakuwa waungwana kiasi hicho. Waliongeza reli mpya na barabara kuu, wakaacha mashamba na nyumba jinsi zilivyokuwa miaka thelathini nyuma. Ukiona neno "masahihisho ya sehemu" katika lugha yoyote ile, ichukulie ramani hiyo kama ramani mbili zilizolaliana.

Angalia vilevile nani aliichora na kwa kazi gani. Jeshi lilitaka kujua daraja linabeba uzito gani na maji yapo wapi. Idara ya kodi ilitaka mipaka ya mashamba. Idara ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1946 kupima makoloni ilitaka kufunika eneo kubwa kwa haraka, na matoleo yake ya awali mara nyingi yalitoka bila kontua. Kuna pia vilivyofichwa kwa makusudi. Mwaka 1988 mkuu wa ramani wa Umoja wa Kisovieti alikiri hadharani kwamba ramani walizouziwa raia zilipotoshwa: mito ilisogezwa na barabara zikahamishwa. Kwa hiyo kutokuwepo kwa kitu kwenye ramani si ushahidi kwamba hakikuwepo ardhini. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mchoraji hakukiona, hakukihitaji, au hakuruhusiwa kukichora.

Sasa skeli. Kwenye 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Nyumba ya upana wa mita 6 ingekuwa milimita 0.12, nukta isiyochorekeka kwa kalamu wala kuonekana kwa jicho. Alama ya nyumba kwa hiyo huchorwa kubwa kuliko nyumba yenyewe, mara nyingi nusu milimita au zaidi, na inafunika ardhi ya mita 25 kwa 25. Ndiyo maana vijumba vyako vinane havimaanishi nyumba nane. Vinamaanisha makazi yaliyotawanyika kwenye mwinuko huo, huenda nyumba ishirini, huenda tano. Palipokuwa na msongamano mchoraji alipunguza alama, na palipokuwa patupu aliweka hata kibanda kimoja kwa sababu kilimfaa msafiri. Barabara nayo hivyohivyo: mstari wa nusu milimita unakula mita 25 za ardhi, ilhali njia yenyewe ilikuwa na upana wa mkokoteni mmoja. Pale ambapo mto, reli na barabara vinapita pamoja kwenye bonde jembamba, mchoraji alilazimika kuvisukuma kando ili vyote vionekane, kwa hiyo usipime umbali kati yake. Kama unahitaji idadi ya nyumba au mstari wa ua wa shamba, tafuta skeli kubwa zaidi. Ramani za Uingereza za inchi 6 kwa maili, yaani 1:10,560, zinaonyesha karibu kila jengo, na za 1:2,500 zinaonyesha hata kisima cha uani.

Kontua zina upofu wake pia. Nafasi ikiwa mita 20, tuta la mita 5 au shimo la machimbo madogo linaweza kupita katikati ya mistari miwili lisionekane kabisa. Na kama mwinuko umeandikwa kwa futi, nafasi ya futi 50 ni mita 15.24. Kosa la kusahau hili hujitokeza mtu anapolinganisha ramani na simu, akashangaa kilima "kimepungua" theluthi mbili.

Baada ya hapo ndipo unaiingiza ramani kwenye kompyuta. Skani kwa skana ya kulaza, nukta 400 kwa inchi. Kwa skeli yako kila pikseli itakuwa kama mita 3.2 ardhini, na hilo linatosha. Picha ya simu ni ya mwisho kabisa, maana lenzi hupinda kingo na mkunjo wa karatasi huvuta mistari. Karatasi yenyewe hunywea na kutanuka kwa unyevu, na mara nyingi hailingani kwa upana na kwa urefu. Jipime: chukua rula, pima kilomita kumi za gridi kwa mlalo na kwa wima. Zinapaswa kuwa milimita 200 kamili. Ukipata 199 upande mmoja na 200.5 upande wa pili, umekwisha kujua kosa lako la kwanza.

Programu ya bure ya QGIS ina zana ya kuifunga picha kwenye majiranukta. Fungua skani ndani yake, kisha weka pointi za udhibiti, yaani mahali ambapo majiranukta yake unayajua, kwenye makutano ya mistari ya gridi: pembe nne kwanza, halafu tano hadi nane nyingine zilizotapakaa karatasi nzima, katikati ikiwemo. Usizirundike pembe moja. Mfumo wa majiranukta utakaochagua uwe ule ulioandikwa pambizoni, na kamwe usiwe WGS 84. Programu yenyewe itabadilisha datamu baadaye unapoweka picha za setilaiti chini yake. Kuiruka hatua hii moja ndiko kulikokukosesha makazi yako.

Kwa ramani iliyochorwa vizuri tumia mgeuzo wa polinomia wa daraja la kwanza, unaosogeza, kuzungusha na kutanua picha bila kupinda mistari iliyonyooka, na ambao unahitaji angalau pointi tatu, lakini kwa tatu tu huoni kosa lolote, ndiyo maana tunaweka tisa au kumi na mbili. Daraja la pili linahitaji sita, na linafaa karatasi iliyopindika. Kuna mgeuzo mwingine unaoitwa thin plate spline ambao unavuta picha kama mpira hadi kila pointi ikae mahali pake. Unapendeza macho, lakini unaonyesha kosa la sifuri hata pale ulipobofya vibaya, kwa hiyo uuache hadi uwe na sababu nzito. Soma mabaki ya kosa ya kila pointi, yaani umbali kati ya mahali inapopaswa kuwa na mahali mgeuzo unapoiweka: kwa 1:50,000, mita 15 hadi 25 ni kazi safi. Pointi moja ikiwa na 80 wakati zingine zina 15, umesoma namba ya gridi vibaya. Irekebishe. Ukiifuta tu, kosa litajificha.

Ramani isiyo na gridi inabidi ifungwe kwa vitu vya ardhini. Chagua nguzo za upimaji vileleni, makanisa au misikiti ya zamani, madaraja ya mawe, na miamba isiyohama. Epuka makutano ya barabara na maungio ya mito, kwani vyote hutembea. Na kama longitudo hazikubali kabisa, angalia zinahesabiwa kutoka wapi. Ramani za zamani za Ufaransa zinaanzia Paris, digrii 2 dakika 20 mashariki mwa Greenwich, na nyingi za Ulaya ya kati zinaanzia kisiwa cha Ferro, kama digrii 17 dakika 40 magharibi mwake.

Ramani yako moja haitoshi. Tafuta matoleo yote ya karatasi hiyohiyo. USGS inatoa bure ramani zake za tangu 1884 kupitia tovuti ya topoView. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni mkusanyiko mkubwa wa ramani za Uingereza, unaoweza kuziona sambamba na picha za setilaiti. IGN, idara ya taifa ya ramani ya Ufaransa, inaonyesha hata ramani ya Cassini ya karne ya 18, skeli 1:86,400. Kwingineko, ofisi ya taifa ya upimaji na maktaba za vyuo vikuu ndizo za kuulizwa, na uulize pia picha za anga zilizotumika kuchorea. Picha hizo mara nyingi zina thamani kuliko ramani, kwa sababu zina kila kitu ambacho mchoraji alikiacha. Hupigwa zikipishana kwa asilimia 60 hivi, na ukitazama mbili zinazofuatana kwa stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili, ardhi huinuka mbele ya macho yako: tuta lisiloonekana kwenye kontua, kiwanja kilichosawazishwa, njia iliyozama kwa kukanyagwa na vizazi.

Ukishazipanga, chora jedwali. Safu mlalo moja kwa kila kitu, safu wima moja kwa kila tarehe ya upimaji (si ya uchapaji). Kitu kisichopo mwaka 1910, kilichopo 1948 na kilichoandikwa "magofu" 1969 kina maisha yenye mipaka: kilizaliwa kati ya 1910 na 1948 (mradi upimaji wa 1910 ulikuwa ukichora vitu vya aina hiyo), kikafa kati ya 1948 na 1969. Usiandike zaidi ya hapo hadi upate hati nyingine. Tofauti kati ya matoleo mawili hukupa swali la kuuliza, na sababu yake haimo kwenye karatasi.

Twende sasa kwenye barabara yako. Barabara haiishii mtoni bure. Kwanza tazama ng'ambo: kuna njia ya hadhi hiyohiyo inayoanzia ukingoni, hata kama si mkabala kabisa? Basi palikuwa na kivuko. Kivuko cha kupita kwa miguu au mkokoteni kilichaguliwa pale mto unapopanuka na kuwa kina kifupi, na kontua za pande zote mbili huachana. Kivuko cha mashua kilihitaji maji ya kina na yaliyotulia. Ng'ambo ikiwa tupu, barabara huenda ilikwenda kuchukua kitu: mchanga, mawe, magogo yaliyoelea, maji ya kinu. Fuata ukingo kwa kidole ukitafuta mstari mwembamba unaokwenda sambamba na kontua, ukiachana na mto polepole. Huo ni mfereji, na mahali unaporudi mtoni kwa ghafla ndipo gurudumu la kinu lilipogeukia. Mstari unaoshikilia kontua moja ni mfereji, unaopanda kwa mteremko mdogo usiobadilika na kukata vilima ni reli, na unaopanda moja kwa moja ni njia ya miguu.

Na je, mto wenyewe uko palepale? Tazama mipaka ya utawala. Mpaka unaofuata mto, kisha ukauacha na kujikunja peke yake nyikani, kisha ukaurudia, unakuonyesha mkondo wa zamani. Mfano mkubwa ni Kaskaskia, mji wa jimbo la Illinois, Marekani: mto Mississippi ulihama mwaka 1881, mji ukabaki ng'ambo ya magharibi, lakini mpaka haukuhama, na hadi leo kipande hicho ni cha Illinois. Mito midogo hufanya hivyohivyo bila kuandikwa popote isipokuwa kwenye mpaka. Mabwawa nayo hufunika mengi. Miji minne ya jimbo la Massachusetts, Marekani, Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa rasmi mwaka 1938 kupisha bwawa la Quabbin, na ramani za kabla ya hapo ndizo zinazoonyesha barabara zinazoingia majini leo.

Kabla ya kurudi kichakani, hesabu duara lako la kutafutia. Kiwango cha Marekani cha 1947 kilitaka asilimia 90 ya pointi zinazotambulika wazi ziwe ndani ya inchi 1/50 kwa ramani za skeli ya 1:20,000 au ndogo zaidi, yaani nusu milimita, ambayo kwako ni mita 25. Ongeza mita 20 za kufunga ramani na 10 za simu chini ya miti. Makosa hayajumlishwi moja kwa moja. Unachukua miraba yake, 625, 400 na 100, na kipeuo cha pili cha jumla ni kama mita 34. Kata duara lenye nusu kipenyo cha mita 50 na ulipekue lote kwa mistari ya sambamba, hatua tano kati ya mstari na mstari. Nenda majani yakiwa mafupi, asubuhi au jioni jua likiwa chini, ili vivuli vitoe matuta. Usitegemee kuta. Makazi ya udongo na miti huacha kiwanja bapa kilichochongwa mteremkoni, mawe matatu ya jiko, vigae, jiwe la kusagia lililovunjika, mti wa matunda usio wa porini, safu ya miti iliyonyooka kupita kiasi, au kipande ambapo mimea ni ya kijani zaidi kwa sababu majivu na samadi vilirundikwa hapo kwa miaka.

Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Piga picha kila kitu palepale kilipo, na rula au kalamu kando yake, mara moja karibu na mara moja kwa mbali, ukiandika upande unaotazama. Usichimbe wala usiokote, kwani kigae kikishaondolewa mahali pake hakisemi tena kitu. Visima vya zamani huzibwa kwa mbao zinazooza, kwa hiyo palipo na alama ya kisima tembea na fimbo ndefu ukigusa mbele. Makaburi ukiyapata, usiweke majiranukta yake hadharani.

Limebaki jina, nalo linaweza kuwa si la vijumba hivyo kabisa. Tazama mwandiko: kwa desturi ya ramani nyingi, majina ya maji ni ya buluu au ya kulala, ya makazi ni ya kusimama, na herufi zilizoachana ni za eneo zima, kilima kirefu au nchi ya ukoo fulani. Ufunguo wa ramani yako utakuambia mtindo wake. Kisha kumbuka jina lilivyofika hapo: mpima ardhi mgeni alimwuliza mpagazi au mpita njia, akasikia kwa sikio la lugha yake, akaandika. Kuna vilima duniani ambavyo jina lake ramanini ni jibu la "ni kilima tu". Kwingine wachoraji waliweka daftari za majina zikieleza nani aliyethibitisha kila tahajia, kama walivyofanya wapimaji wa Uingereza, na daftari hizo zikiwepo zisome mstari kwa mstari.

Wazee wasiolitambua jina huenda hawalitambui kwa maandishi tu. Usiwaonyeshe ramani mwanzoni, maana mtu akishaona jina limechapwa hulikubali kwa adabu. Waombe kwanza wakutembeze na kutaja kila kijito na kila mti kwa midomo yao, ukirekodi kwa idhini yao. Nyumbani, andika jina la ramani kwa kila namna linavyoweza kutamkwa: badili l na r, b na v, k na g, ondoa kiambishi cha mwanzo, rudisha irabu ya mwisho iliyomezwa. Rudi nayo na ulitamke kila namna taratibu, mkiwa mmesimama juu ya mwinuko wenyewe, mto ukiwa upande ule ule ambao ramani inauweka.